Mpiga Chapa wa Kinama na Ukuta Uliosubiri Lipu Miaka Kumi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Spès Ntirandekura anaondoa kitenge kilichofunika mashine yake ya kupiga chapa. Anakikunja taratibu ili vumbi lisimwagike, kisha anatoka nacho nje kukikung'uta. Anaporudi ameshika pampu ya baiskeli. Anaelekeza mpira wake katikati ya herufi za chuma na kupuliza mara tano, mara sita. Vumbi jekundu linaruka na kutua mezani.

Hana baiskeli. Pampu aliinunua miaka minne iliyopita kwa kazi hii tu, kwa sababu ukuta ulio mbele ya meza yake ni wa matofali mabichi yasiyo na lipu, na kila siku humwaga udongo wake ndani ya mashine. Herufi "e" ikishika udongo, huacha doa kwenye karatasi, na ukurasa mzima hurudiwa.

"Hii pompe ndiyo fundi yangu," anasema. "Nikiacha siku mbili tu, mashini inakataa kazi."

Leo anataka kumaliza kurasa nane kabla ya saa mbili, maana saa mbili fundi mwashi anakuja. Safari hii, anasema, hatamrudisha. Analisema mara mbili, kama mtu anayejihimiza.

Spès ana umri wa miaka arobaini na moja. Anafanyia kazi nyumbani kwake Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, katika chumba ambacho pia ni jiko wakati wa mvua na chumba cha kulala yeye na binti yake, Ingrid, mwenye miaka kumi na miwili. Wateja wake ni wanafunzi wa chuo kikuu wanaoandika tasnifu, makatibu wa vyama vya kanisa, na watu waliopoteza vyeti vyao vitani ambao sasa wanahitaji barua za kuombea vipya.

Kwa siku nzuri hupiga kurasa ishirini, kila moja kwa faranga mia. Mjini kuna wenye kompyuta, na anakiri kuwa kazi yao ni safi kuliko yake. Lakini umeme wa Bujumbura ukikatika, wateja humkumbuka.

"Umeme ikienda, wanakuja mbio," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Nyuma ya ukuta huo wa udongo kuna vyumba viwili. Kwa miaka kumi havikuwa na paa, na magugu yaliota hadi kufika kiunoni. Hadi leo hakuna mlango wa kuviendea kutoka chumba cha mbele. Anayetaka kwenda huko hutoka nje, huzunguka nyumba yote na kuruka tuta la kokoto.

Ujenzi ulianza Julai 1993. Mumewe, Méthode, alikuwa mwashi aliyejengea watu wengine nyumba huku yeye na mkewe wakibanana na mtoto mdogo katika nyumba ndogo. Mwaka huo alipata nafasi. Aliezua paa la nyuma, akabomoa kuta zilizochoka na kuanza kuzinyanyua upya kwa matofali ya kuchoma. Ukuta wa kati aliubakiza, akaubandua lipu ya zamani ili aukate mlango. Alimwambia mkewe kwamba kabla ya mvua watakuwa wamemaliza.

Oktoba vita vikaanza. Kazi ilisimama, kwanza kwa wiki, kisha kwa miezi. Katikati ya mwaka 1995 mapigano yaliwaondoa wakazi wa Kinama majumbani mwao. Siku hiyo Spès alikuwa kazini, katika ofisi ya kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, alikokuwa katibu. Jirani yake, Marguerite, ndiye aliyembeba Ingrid mgongoni na kushuka naye hadi mjini. Mama na mtoto walikutana kesho yake kwenye uwanja wa kanisa. Méthode hakuonekana.

Miezi minane baadaye alisikia kwamba mumewe alivuka mpaka kwenda Uvira, nchini Congo, akiwa ameumia mguu. Vita vilipofika Congo nako, Méthode alivuka ziwa hadi Tanzania. Tangu wakati huo anaishi katika kambi ya wakimbizi. Mawasiliano yao ni ujumbe wa karatasi moja unaopitia Msalaba Mwekundu, ambao huchukua miezi kwenda na miezi kurudi.

Spès alipata hifadhi Buyenzi, mtaa mwingine wa Bujumbura, kwa mama mmoja wa Kiislamu aitwaye Sijaona, muuza sambusa aliyekuwa na chumba kimoja cha ziada nyuma ya gereji. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1997, Spès aliomba apewe mashine aliyoitumia kwa miaka minane, wakamkubalia. Aliiweka juu ya pipa tupu la mafuta nje ya chumba hicho na kuanza kuwapigia chapa mafundi wa magari barua zao.

Sijaona, ambaye hadi leo humtembelea kila Ijumaa baada ya swala, anasema alimsihi asirudi Kinama. Alimwonyesha kwamba Buyenzi kuna wateja, kuna usalama, na mtoto amezoea shule ya chekechea.

"Mi nilimuambia, mudogo wangu, unarudia nini kule, nyumba haina hata bati," anakumbuka Sijaona. "Akaniambia, dada, kuko kitu nataka kuangalia kama ingali pale."

Alirudi mwaka 1998. Mabati yalikuwa yameibwa, pamoja na milango, madirisha na hata bawaba. Vyumba vya nyuma vilikuwa kichaka, na chumba cha mbele nacho kilikuwa kimeota magugu. Lakini ukuta wa kati ulikuwa umesimama, na kitu alichokitafuta kilikuwapo: maandishi ya Méthode.

Mwashi huyo alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu ukutani kwa penseli nene ya ufundi. Maandishi yametapakaa upande wa chumba cha mbele, kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa cha mtu mzima. Kuna umbo la mlango, na ndani yake namba 0,90. Kuna mshale na maneno "dirisha lishuke kidogo". Kuna hesabu ya matofali iliyokatwa na kuandikwa upya. Na upande wa kushoto, karibu na pembe, kuna mstari mmoja: "Kumuuliza Spès: rafu mbili au tatu?"

"Hakuniuliza," anasema Spès. "Alisahau, ao alingojea siku ingine. Mi niliisoma hiyo kitu miaka tano nyuma yake, nyumba iko bila kichwa, nimesimama mu magugu."

Shirika moja lilimsaidia mabati ya chumba cha mbele. Nyuma alitandika hema la plastiki ambalo watu wa Kinama huliita shitingi, ili mvua isiupige ukuta wa kati kwa nyuma. Kisha akaweka meza yake ikiutazama ukuta huo, akaketi na kuanza kazi.

Ingrid alijifunza tarakimu pale. Hakuwa na kumbukumbu ya uso wa baba yake, lakini aliujua mwandiko wake, na alipoanza darasa la kwanza mwalimu alishangaa kuona mtoto anayeandika saba yenye mstari katikati kama mafundi wa ujenzi.

Watu wengi wangemaliza nyumba hiyo mapema, na ukimuuliza Spès kwa nini haikumalizika, ana sababu nyingi za kweli. Mwaka 1999 saruji ilikuwa adimu. Mwaka 2000 alimpata mwashi, akafanya kazi siku tatu, risasi zikasikika kutoka milimani na asionekane tena kwa miezi. Mwaka 2001 alikuwa tayari amenunua mbao za kenchi, zile za kubebea paa, zimepangwa chini ya shitingi, ndipo bomu lilipoua watoto wawili wa Marguerite, jirani yule yule aliyembeba Ingrid mgongoni. Hakukuwa na njia ya kwenda mjini kutafuta majeneza siku hiyo. Spès alizitoa mbao zake zote.

Hilo hapendi kulizungumzia. Anasema tu kwamba seremala alizipima haraka, na kwamba zilitosha.

Lakini mwashi wake, Rénovat, mwanamume wa miaka hamsini mwenye sauti ya upole, anaeleza kuwa kuna sababu nyingine. Tangu mwaka jana saruji imekuwa ikipatikana, na yeye mwenyewe amefika mara tatu na mwiko wake.

"Mara tatu akanipa chai, tukaongea vizuri, kisha akanirudisha," anasema Rénovat. "Mara ya kwanza alisema kuko kazi ya mwanafunzi, haitaki kelele. Mara ya pili mutoto anagonjwa. Ile ya tatu hakutoa sababu. Niliona anaangalia ukuta, nikabeba vyombo vyangu."

Rénovat alijua pia jambo ambalo mwenye nyumba hakutaka kulisikia. Ukuta wa matofali mabichi uliobanduliwa lipu hauwezi kuishi. Kila masika ulizidi kuliwa chini, upande wa nyuma. Alimweleza kwamba akiendelea kuutunza kwa namna ile, siku moja utalala juu ya mashine yake, na maandishi yatakwenda pamoja nao.

Machi mwaka huu, 2003, ukuta ulianza kutimiza maneno ya fundi.

Spès alikuwa na kazi kubwa ya mwanafunzi aitwaye Régis, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Tasnifu yake ilihusu wanawake wanaokausha ndagala, dagaa wa huko, kando ya ziwa. Ilikuwa na kurasa mia moja sitini na tatu, zote kwa mkono, kwa wino wa bluu, na hakuwa na nakala nyingine. Régis alikuwa ametumia miaka miwili kuwahoji wanawake hao, na baadhi ya sehemu alizofika sasa hazifikiki kwa sababu ya vita.

Siku moja, saa saba mchana, Spès alikwenda msibani nyumba ya nne. Mvua ilinyesha kwa muda usiozidi saa moja. Nyuma ya nyumba shitingi ilichanika, maji yakajaa kama bwawa na kusukuma sehemu ya chini ya ukuta ambayo tayari ilikuwa imeliwa. Aliporudi alikuta tope limeingia chini ya meza, na boksi lililokuwa na tasnifu limekaa katikati ya tope hilo.

"Nilifungua ile carton nikaona maji ya bleu," anasema. "Mi sikulia. Niliita Ingrid, nikamuambia alete kamba yote ya kuanikia nguo."

Mama na binti walianika kurasa moja moja ndani ya chumba, wakizibana kwa vibanio vya nguo. Régis alipofika kesho yake asubuhi aliinama chini ya kamba na kutembea katikati ya karatasi zake. Kisha aliuliza kwa heshima, "Mama, ni ngapi zinasomeka?"

Zilizosomeka zilikuwa mia moja na moja. Kwa zilizobaki, mpiga chapa na mwanafunzi walikaa pamoja wiki tatu. Régis alisoma madoa, Spès akakumbuka alichokipitia kwa macho alipokuwa akihesabu kurasa, na pale ambapo hawakukumbuka wote wawili, Régis alirudi ziwani kuwatafuta wanawake wale waliokuwa bado wanafikika. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Sura yao moja ilibidi iachwe. Juni, Régis aliitetea tasnifu yake na kufaulu. Alimletea Spès nakala yenye jalada gumu, na ndani alikuwa ameandika jina lake miongoni mwa watu anaowashukuru.

Spès anayo nakala hiyo, lakini haifungui mara nyingi. Anasema kila akiiona huikumbuka sura isiyokuwamo.

"Ile siku nilijua nimekosea watu," anasema. "Miaka yote niliona ni mimi peke yangu nalala mu vumbi, ni mimi na mutoto wangu. Kumbe kazi ya watu wengine ilikuwa inakaa hapa. Wale wamama wamekufa, maneno yao ilikuwa kwangu."

Ingrid naye alisema lake wiki hiyo. Binti huyu si msemaji, na mama yake anasimulia kwamba alikuwa akikwangua tope sakafuni alipoinua kichwa na kumwambia, "Mama, mi nataka baba arudi. Lakini nataka na chumba."

Aprili, Spès aliomba karatasi ya ujumbe kwa Lisette, mfanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu mtaani. Alimweleza mumewe hali ya ukuta. Aliuliza kama aruhusu mtu mwingine apige lipu juu ya maandishi yake na kukata mlango. Mwishoni, nafasi ikiwa imebaki ya mstari mmoja, aliandika: "Rafu tatu."

Alingoja miezi minne. Juni, Rénovat alimsaidia kuezeka vyumba vya nyuma kwa mabati yaliyokwisha kutumika, kwa kuwa hilo halikugusa ukuta. Julai mji ulishambuliwa kwa mabomu, na kwa siku kadhaa yeye na Ingrid walirudi Buyenzi kwa Sijaona, safari hii mashine ikiwa ndani ya toroli. Waliporudi nyumbani, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jibu lilifika Agosti, wiki ya mwisho. Lisette alilileta mchana, akasimama mlangoni akasema hana haraka, kama kawaida yake anapoleta ujumbe ambao mpokeaji wake huenda akahitaji mtu karibu. Méthode alikuwa ameandika kwa Kirundi, na Spès alikubali tuyaweke hapa maneno machache yake kwa Kiswahili:

"Mama Ingrid, mimi ni mzima, mguu unanibeba. Piga lipu. Nilicheka kusikia mlango bado uko kwenye penseli. Tena niliukosea, nimeuweka karibu mno na pembe, hauna nafasi ya kufunguka. Nimelifikiria kosa hilo miaka mingi, nikidhani mtu amekwisha kukata mlango na unamgonga. Rafu tatu ni sawa. Niandikie Ingrid ana urefu gani."

Spès alisoma, akampa Ingrid naye asome. Kisha mama huyo alicheka hadi akakaa chini, na Lisette hakujua kama amfariji au acheke naye. Kwa miaka mitano alikuwa amelinda kosa.

Wiki iliyopita alikaa kwenye mashine yake na kunakili ukuta wote. Alipiga kila namba na kila neno kama lilivyo, pamoja na hesabu iliyokatwa, akapata ukurasa mmoja na nusu. Akaweka karatasi ya kaboni ili apate nakala ya Ingrid. Alichoshindwa kunakili, anasema, ni mkono wenyewe: namna penseli ilivyokandamizwa mwanzoni mwa neno na kulegea mwishoni.

Saa mbili kamili Rénovat anabisha hodi. Ana mwiko, ndoo mbili na kamba ya timazi. Hakubali chai kwanza. Spès anafunika mashine, na kwa pamoja wanaisogeza meza hadi mlango wa nje.

Fundi anaanza na sehemu iliyoliwa chini, anajaza matofali mapya, kisha analowesha ukuta kwa maji. Penseli inapolowa inakolea ghafla, maneno yote yanaonekana kama yameandikwa jana. Rénovat anasita, anageuka kumtazama mwenye nyumba. Yeye anasimama karibu na dirisha, mikono kifuani. Anasoma kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza bila sauti. Hakuna anayemharakisha.

"Endelea, fundi," anasema.

Lipu ya kwanza inatua upande wa kushoto, penye swali la rafu.

Kufikia saa nne, nusu ya ukuta ni kijivu. Rénovat anataka kujua mlango ukatwe wapi, kwa kuwa penye alama ya Méthode hapafai. Anasema angeweza kuusogeza kidogo tu, ili kufuata nia ya mwenyewe. Spès anachukua kipande cha chokaa, anatembea kando ya ukuta, anarudi, anasimama mahali ambapo mwanga wa dirisha la mbele utafika hadi chumba cha nyuma, na hapo anachora mistari miwili. Ni hatua mbili nzima kutoka pale mumewe alipochagua.

"Meza itakuwa kule nyuma, inataka mwangaza," anamweleza fundi. "Akirudi atazoea."

Mipango yake ni ya karibu. Anataka vyumba vya nyuma vikauke kabla ya mvua za Oktoba kushika kasi. Kimoja kitakuwa cha Ingrid, ambaye tayari ameweka daftari zake kwenye dirisha lisilo na kioo. Kingine kitakuwa cha kazi, chenye rafu tatu zilizo juu kuliko goti, ili karatasi ya mteja isikae tena sakafuni. Amemwahidi binti wa Marguerite aliyebaki kumfundisha kupiga chapa ikipatikana mashine ya pili.

Kuhusu mumewe anaongea kwa uangalifu. Kila siku redio inataja mazungumzo ya amani, na kila siku watu wa Kinama wanasikiliza bila kufungasha wala kufungua mizigo. Baadhi ya wakimbizi wamerudi, wengine wamerudi na kukimbia tena. Hataki Méthode aje kwa sababu ameitwa, kisha jambo limpate njiani.

Fomu mpya ya ujumbe iko ndani ya daftari lake, bado haijajazwa. Jana jioni Spès alimpima Ingrid kwa utepe wa fundi cherehani: mita moja na sentimita arobaini na tisa. Hilo litakuwa la kwanza kuandikwa. Tunamuuliza kama atamwomba mumewe arudi.

Anamtazama Rénovat anayelainisha lipu kwa ubao.

"Kumuomba, apana," anasema. "Nitamuambia tu nyumba iko kavu."